Kioo cha Kipaji: Mwongozo Kamili kwa Kiongozi wa Jumuiya Anayetaka Kuibua Karama za Wenzake

Neno kipaji lina maana mbili. Kuna kipaji cha kuzaliwa nacho, na kuna kipaji cha uso, hapo juu ya nyusi. Hicho cha uso unatembea nacho siku zote, kila unayekutana naye anakiona, ila wewe mwenyewe huwezi kukiona bila kioo. Nimekuwa mwalimu wa kwaya, kisha mwenyekiti wa jumuiya, kwa miaka inayozidi ishirini, na nimeona kwamba hata kile kingine kiko vivyo hivyo. Mama anayezima ugomvi wa majirani kwa sentensi mbili hajui kama ana kitu. Anadhani kila mtu anaweza.

Maneno mengine tunayotumia nayo yana siri zao. Kipawa ni kile ulichopawa, yaani hukukinunua. Karama ni ndugu wa ukarimu na karamu: imekuja ili wengine wale. Ndiyo maana sipendi kuisikia karama ikizungumzwa kama cheo.

Mwongozo huu nauandikia mwenyekiti wa jumuiya, mwalimu wa kwaya, mlezi wa vijana na kiongozi wa umoja wa wanawake. Mifano yangu mingi ni ya jumuiya, kwa sababu jumuiya ina ukubwa unaofaa: nyumba kumi hadi ishirini, watu wanaojuana hadi majina ya mbuzi. Maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki walipoamua mwaka 1973, na kurudia mwaka 1976, kwamba kanisa lijengwe juu ya jumuiya ndogondogo, walitaka imani iishi pale watu wanapoishi. Sisi Walutheri nasi tunazo. Tatizo langu na jumuiya nyingi nilizozitembelea ni moja: watu ishirini wamekaa, mmoja anafanya kazi. Karama huonekana kazini, na kazi haimfikii mtu ikiwa kiongozi ameikalia.

Hatua ya 1: Hesabu kazi ulizozikalia

Usianze na watu. Anza na wewe. Chukua daftari, na kwa mwezi mzima andika kila jambo unalolifanya kwa ajili ya kundi lako, hata lile dogo: kufungua kwa sala, kupanga zamu za nyumba, kupigia wagonjwa simu, kukusanya sadaka, kuandika muhtasari, kuweka tangazo kwenye kundi la WhatsApp, kuchagua nyimbo, kubeba vitabu vya nyimbo, kutunza ufunguo.

Mara ya kwanza nilipata mistari 23. Nilijiona shujaa. Mke wangu aliisoma orodha akauliza swali moja tu: "Sasa wao wanafanya nini?"

Kila mstari uwekee alama. M kwa kazi ambayo ni lazima uifanye mwenyewe. L kwa kazi ambayo mwingine anaweza kuifanya leo leo. F kwa kazi ambayo mwingine ataiweza akifundishwa. Kuwa mkweli kwenye M. Mimi nilianza na M tisa. Nilipopitia tena na katibu zikabaki tatu, na moja kati ya hizo tatu ilikuwa ubishi wangu tu.

Ukiona huwezi kujikagua, mwombe mtu wa nje aje akae nyuma katika ibada moja ya jumuiya, asiseme kitu hadi mwisho. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Katika Kutoka 18 Musa alikuwa ameamua mashauri ya watu tangu asubuhi hata jioni, na katika Israeli yote hakuna aliyemwambia kwamba hali si nzuri. Aliyeona ni Yethro, mkwewe, kuhani wa Midiani, aliyekuja kusalimia. Siku moja ilimtosha. Na angalia alichosema: watakaochoka si Musa peke yake, ni Musa pamoja na watu walioko naye. Kiongozi anayefanya yote huchosha hata wasiofanya kitu, kwa sababu kungoja nako ni kazi. Dawa ya Yethro ilikuwa kugawa hadi chini kabisa, kwa wakuu wa maelfu, wa mamia, wa hamsini na wa kumi. Huyo wa watu kumi ndiye tunayemsahau.

Hatua ya 2: Tazama kwa wiki sita kabla ya kugawa chochote

Viongozi wengi huanza na fomu ya karama: maswali mengi, weka alama 1 hadi 5, jumlisha, haya, wewe ni mwalimu, wewe ni nabii. Sizitupi fomu hizo. Lakini kwetu zina kasoro. Anayejiamini hujaza vile anavyotamani kuwa. Mwenye haya hujipa alama ndogo hata kwenye jambo ambalo kijiji kizima kinamtegemea. Na bibi asiyesoma vizuri anaachwa mlangoni, ilhali yeye ndiye anayeombea wagonjwa usiku.

Badala ya fomu, nenda msibani.

Nasema kweli. Sijapata mahali panapoonyesha karama za watu kama msiba. Habari ikifika alfajiri, tayari saa mbili kuna mtu ameshafika na maturubai yanafungwa; hakuna aliyemtuma. Mwingine ameketi mezani na daftari la rambirambi, mwandiko wake unasomeka, na jioni hesabu inalingana hadi shilingi ya mwisho. Kule uani kuna mama anayegawa zamu: hawa maji, hawa kuni, hawa mchele, wala hujasikia sauti yake ikipanda. Ndani, kwenye mkeka, kuna mmoja aliyekaa karibu na mfiwa saa nne nzima bila kusema neno, na mfiwa akinyanyua kichwa anamtafuta yeye. Kuna kijana ambaye wimbo ukizama anauinua. Kuna mzee ambaye, ndugu wa marehemu wakianza kuvutana kuhusu mahali pa kuzikia, huitwa pembeni, na wakirudi wamepoa.

Sasa fungua Warumi 12, mstari wa 6 hadi wa 8. Kuhudumu, kufundisha, kuonya, kukirimu, kusimamia, kurehemu. Ongeza na masaidiano na maongozi ya 1 Wakorintho 12:28. Tunayasoma maneno haya kanisani tukidhani ni ya watu wa Korintho na Roma, kumbe yako pale uani yanakoroga sufuria.

Pahali pengine pazuri ni mnada wa mazao baada ya ibada. Yupo yule anayeweza kuuza papai moja kwa bei ya kuku, na mnunuzi akalipa huku anacheka. Watu humwona mchekeshaji. Mimi naona mtu wa kuongoza michango ya ujenzi.

Katika wiki hizo sita daftari lako liwe na mambo matatu kwa kila mtu: alichokifanya bila kutumwa, namna wengine walivyompokea, na hali yake baada ya kumaliza. La tatu ndilo linalopuuzwa. Mtu anaweza kufanya jambo vizuri sana huku linamnyonya. Binti anayeweka kumbukumbu safi lakini kila baada ya kikao anaumwa kichwa huenda si katibu. Huenda ni mtiifu tu. Aliyechoka huku uso umechangamka, huyo umwekee mstari chini ya jina lake.

Halafu jiulize nani hayupo. Samweli alipokwenda Bethlehemu kwa Yese kumtafuta mfalme mpya, wana saba walipitishwa mbele yake, akaanza kwa kuvutiwa na kimo cha Eliabu. Wa nane, Daudi, hakuitwa hata kwenye shughuli. Alikuwa na kondoo. Katika jumuiya yako walioko na kondoo ni nani? Dada wa kazi anayebaki jikoni wakati wa ibada. Mlinzi wa usiku ambaye vikao vyote vinamkuta kazini au amelala. Vijana wa bodaboda wanaosikiliza mahubiri nje, mguu mmoja juu ya pikipiki. Na waliohamia mtaani mwaka huu, maana kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Tunawapa kiti cha mbele siku ya kwanza, kisha tunawaacha hapo miaka mitatu.

Hatua ya 3: Kuwa kioo

Baada ya kuona, sema. Hapa ndipo wengi hukosea kwa kusema maneno makubwa: "Mama, wewe una karama ya uongozi!" Sifa ya namna hiyo haimwonyeshi kitu. Kioo huonyesha kilichopo, na kwa karibu. Taja siku, taja tendo, taja matokeo.

Nilimwendea mama mmoja wa makamo nyumbani kwake. Nikamwamkia, nikapewa kigoda, tukaongelea mvua kwanza. Kisha:

"Mama, siku ile ya msiba, wale vijana wa maji na wale wa kuni walikuwa karibu kugombana. Ulisema nini hata wakatulia?"

"Aah, mwenyekiti, na ile nayo ni kazi?"

Jibu hilo ukilisikia, ujue umefika penyewe. Mtu hakioni kipaji chake kwa sababu hakimgharimu.

Ukishapata mwanya, uliza maswali machache, usigeuze kuwa usaili. Watu wakikwama, huja kwako kwa jambo gani? Ulipokuwa mtoto ulisifiwa au ulichapwa kwa nini? (La kuchapwa lisikushangaze. Mtoto aliyechapwa kwa kuuliza sana leo anaweza kuwa mwalimu wa Biblia.) Ni kitu gani katika jumuiya yetu kikikosewa kinakuuma kuliko kinavyowauma wengine? Swali hili la mwisho nalipenda kuliko yote. Anayelalamika kila wiki kwamba wagonjwa hawatembelewi mara nyingi anakuonyesha karama yake, ila ameivaa kinyume.

Onyo moja: usimpe sifa na kumwomba kazi kwa pumzi moja. Atadhani sifa ilikuwa chambo, na hatakuamini tena. Mwache na maneno hayo wiki moja au mbili. Mitume walimbandika Yusufu Mlawi wa Kipro jina la Barnaba, mwana wa faraja, mapema kabisa katika Matendo 4. Kazi kubwa ya jina hilo, ya kumshika mkono Sauli ambaye kila mtu alimwogopa, tunaikuta sura ya 9.

Hatua ya 4: Mpe kazi yenye mwanzo na mwisho

"Kuanzia leo wewe ni mwalimu wa shule ya Jumapili." Sentensi hii imeua karama nyingi kuliko uvivu. Mtu anakabidhiwa kitu kisicho na ukingo, na njia pekee ya kutoka ni aibu.

Sema hivi: "Jumapili ya pili na ya tatu ya mwezi huu, uwasimulie watoto kisa kimoja, dakika kumi. Nitakuwepo. Baada ya hapo tutakaa tuone." Ina tarehe, ina kipimo, ina mlango wa kutokea. Akiona si yake, anaaga kwa heshima na hakuna aliyevunjika.

Kisha mpandishe ngazi taratibu. Kwanza anakutazama ukifanya. Pili mnafanya pamoja, wewe nusu yeye nusu. Tatu anafanya yeye, wewe umekaa ukimtazama. Nne anafanya wewe haupo. Wengi wetu tunaruka kutoka ya kwanza hadi ya nne, kisha tunasema vijana wa siku hizi hawawezi kitu. Kwa kazi kama kuongoza ibada ya jumuiya, mimi huweka wiki tatu hadi nne kwa kila ngazi. Kupanga viti hakuhitaji ngazi.

Kosa langu kubwa lilikuwa hapa. Tulimpata kijana mwenye sauti ya tatu, ile ya juu ya wanaume, tamu ajabu, na baada ya wiki mbili nikamkabidhi kwaya nzima. Sauti alikuwa nayo. Uvumilivu kwa wakubwa zake waliochelewa mazoezi hakuwa nao, na mimi sikuwa nimemwonyesha namna ya kuzungumza nao. Palitokea ugomvi, akaondoka, na kwa mwaka mzima sikumwona kanisani. Watu walimlaumu yeye. Paulo alishaandika kuhusu mashemasi katika 1 Timotheo 3:10 kwamba wajaribiwe kwanza; nilikuwa nimeusoma mstari huo mara nyingi. Kuimba na kuongoza waimbaji ni vitu viwili, na nilikuwa nimejaribu kimoja tu.

Mambo mawili hayana majaribio ya mtu mmoja, hata awe mwaminifu kiasi gani. Fedha zihesabiwe na watu wawili, ziandikwe, zisomwe mbele ya wote. Watoto wawe na watu wazima wawili siku zote. Mwambie mapema kwamba ndiyo taratibu ya kila mtu, wewe ukiwemo, asije akadhani unamshuku.

Hatua ya 5: Sahihisha pembeni

Matendo 18 inamtaja Apolo, mtu wa Aleksandria, msemaji hodari, mwenye nguvu katika Maandiko. Ila alijua ubatizo wa Yohana tu. Prisila na Akila, mafundi wa mahema, walimsikia akihubiri katika sinagogi la Efeso. Hawakusimama kumkatiza. Walimchukua kwao wakamweleza njia ya Mungu kwa usahihi zaidi. Halafu, alipotaka kuvuka kwenda Akaya, ndugu walimtia moyo na kumwandikia barua ya utambulisho. Aliyesahihishwa faraghani aliweza kutumwa hadharani.

Karne nyingi baadaye Mganda mmoja alibatizwa mwaka 1895 akachagua kuitwa Apolo. Ndiye Apolo Kivebulaya, aliyefanya kazi Mboga, katika mashariki ya Kongo ya leo, na kuwaandaa watu wa huko kuwafikia wenzao wa msituni. Alipokaribia kufa mwaka 1933 aliomba kichwa chake kilazwe kuelekea magharibi, upande wa msitu, badala ya mashariki ilivyokuwa desturi. Alitaka hata kaburi lake lielekee kwenye kazi iliyobaki. Naona alilistahili jina.

Turudi kwenye kusahihisha. Fanya ndani ya siku mbili, kabla kumbukumbu haijapoa, wala si dakika ile ile akiwa bado anatetemeka. Anza kwa kumuuliza yeye: "Umeionaje?" Mara nyingi atakutajia kosa mwenyewe, tena kwa ukali kuliko ulivyokusudia, na kazi yako itakuwa kumpoza. Chagua jambo moja tu la kurekebisha. Ukimpa sita hatashika hata moja. Na kama ni mkubwa kwako kwa umri, mpitishe kwenye swali: "Mzee, unaonaje wiki ijayo tukianza na wimbo kabla ya matangazo?" Ataelewa. Wazee wetu wanasikia kisichosemwa kuliko kinachosemwa.

Kundi la WhatsApp si pembeni. Hata ukiweka alama ya kucheka.

Hatua ya 6: Chochea, na ulipe nauli

Paulo alimwandikia Timotheo aichochee karama iliyo ndani yake. Aliyewahi kupika kwa kuni anajua kuchochea ni nini: moto upo, lakini usipousogeza ukuni na kuondoa majivu, maharage hayaivi. Na neno la Kigiriki lililotafsiriwa kuwakamilisha watakatifu, katika Waefeso 4:12, lina asili moja na lile la Marko 1:19, pale Yakobo na Yohana walipokuwa chomboni wakitengeneza nyavu. Kumkamilisha mtu ni kuziba matundu yake, kamba kwa kamba, ili akirudi majini samaki wasipite.

Kwa vitendo, hii ina gharama, na jumuiya zisiziogope gharama hizo kama zinavyoziogopa sasa. Mama unayetaka awatembelee wagonjwa anahitaji nauli. Katibu anahitaji bando. Kijana mwenye sikio la muziki anahitaji ufunguo wa kanisa Jumamosi mchana ili akae na kinanda wakati hakuna anayemsikiliza akikosea. Weka kifungu katika bajeti, hata kidogo, na kisomwe kikaoni kama vifungu vingine. Pia mtafutie mtu wa fani yake nje ya kundi lako. Mimi sijui kinanda. Nilichoweza ni kumpeleka kijana kwa mpiga kinanda wa usharika wa jirani mara mbili kwa mwezi. Kiongozi hahitaji kuwa na karama zote. Anahitaji kujua zinakopatikana.

Hatua ya 7: Aliyeanguka asifungiwe mlango

Yohana Marko aliwaacha Paulo na Barnaba njiani, Pamfilia, akarudi Yerusalemu. Walipopanga safari ya pili, Barnaba alitaka kumchukua tena, Paulo akakataa. Wakashindana hata wakatengana, Barnaba akaenda Kipro na Marko. Sina haja ya kuamua nani alikuwa na haki. Ninachojua ni kwamba katika 2 Timotheo 4:11 ni Paulo huyo huyo, akiwa kifungoni, anayeagiza Marko aletwe, kwa maana anamfaa kwa utumishi. Kati ya matukio hayo mawili palikuwa na mtu aliyekubali kutembea na aliyeshindwa.

Kwako itakuwa hivi: mwalimu wa watoto ametoweka wiki tatu, simu hapokei. Usimtume mjumbe. Nenda mwenyewe, bila daftari. Jua kwanza kilichotokea. Mara nyingi ni ada ya shule, ugonjwa, au maneno ya mtu. Akitaka kurudi, mrudishe kwenye ngazi ya pili, mfanye pamoja, asiwe mtazamaji tena wala asiachwe peke yake. Lakini kama alichovunja ni uaminifu kwenye fedha au kwa watoto, msamaha upo na kazi ile haipo. Atafutiwe nyingine. Viongozi wapole hushindwa kusema hili, na wanaoumia ni wanyonge.

Yule kijana wa kwaya nilimfuata. Nilichelewa, lakini nilimfuata, na nikaanza kwa kumwambia kosa lilikuwa langu.

Hatua ya 8: Utazame wivu wako usoni

Hii haimo katika semina nyingi. Umemwibua mtu, amekua, na Jumapili moja waumini wanamshangilia kuliko walivyowahi kukushangilia wewe. Tumboni kitu kinajikunja. Usijidanganye kwamba ni wasiwasi juu ya mafundisho sahihi.

Katika Hesabu 11, wazee sabini walikusanywa hemani, lakini wawili, Eldadi na Medadi, walibaki kambini, na roho ikawakalia huko huko, wakatabiri. Kijana akakimbia kushtaki. Yoshua akataka wakatazwe. Musa akamuuliza kama alikuwa anaona wivu kwa ajili yake, akasema heri watu wote wa Bwana wangekuwa manabii. Nimelitumia swali hilo kujiuliza mwenyewe, na mara mbili jibu lilikuwa ndiyo.

Barnaba ndiye aliyekwenda Tarso kumtafuta Sauli, akamleta Antiokia, wakafundisha pamoja mwaka mzima. Mwanzoni Luka, mwandishi wa Matendo, anaandika "Barnaba na Sauli". Ndani ya sura ya 13 mpangilio unageuka: Paulo na wenzake, Paulo na Barnaba. Barnaba aliendelea na safari.

Dawa niliyoipata ni ndogo na inafanya kazi: mtu akinisifu kwa kazi ya mwingine, namtaja mwenye kazi hapo hapo, kwa jina, naye akiwepo. Mara ya kwanza ulimi ulikuwa mzito. Sasa umezoea.

Kukabidhi

Ukifuata mwendo huu bila pupa, miezi miwili na nusu ya kwanza ni ya daftari na macho. Mwezi mmoja ni wa mazungumzo na kazi ndogo. Kupandisha ngazi kunachukua miezi mitatu hadi sita kwa mtu mmoja, na usichukue zaidi ya watu watatu kwa wakati mmoja, maana hutawaona.

Siku ya kukabidhi, kabidhi kila kitu. Nimeona viongozi wakiachia cheo na kubaki na ufunguo. Andika orodha: ufunguo wa stoo, daftari la mahudhurio, vitabu vya nyimbo na idadi yake, jina la mtia saini, uongozi wa kundi la WhatsApp, namba za simu za wagonjwa na wajane. Visomwe mbele ya jumuiya, kila kitu kikihamia mkononi mwake wakati watu wanaona. Mwambie mbele yao kwamba wakitaka ruhusa waombe kwake, kisha wakija kwako kwa siri, kama watakavyokuja, warudishe kwake.

Kwa miezi mitatu ya kwanza kaa benchi la nyuma, sauti ya nne, ile ya besi. Wimbo ukianzishwa juu kuliko ulivyozoea, usitazame pembeni wala usikohoe. Vuta pumzi, uimbe hapo hapo alipouanzisha.